Miongozo ya fasihi kwa masomo ya nyumbani: namna ya kuchagua ukiwa Guangzhou

Shehena zinazotoka Guangzhou kwenda Kariakoo jijini Dar es Salaam, Eastleigh jijini Nairobi na Kikuubo mjini Kampala zajulikana: nguo, viatu, vigae, simu na vipuri vya magari. Kinachorudi China ndani ya masanduku ya abiria hakizungumzwi sana. Pamoja na majani ya chai na viungo vya pilau, mara nyingi mna vijitabu vyembamba vyenye majalada ya rangi kali, vilivyoandikwa "Mwongozo wa", kisha jina la riwaya au tamthilia. Vimeagizwa na wazazi wanaowafundisha watoto wao fasihi nyumbani, aghalabu jioni, baada ya duka kufungwa.

Kwa wazazi hao mwongozo ni mwalimu wa pekee. Palipo shule, kijitabu kibovu husahihishwa na mwalimu darasani, au na mwanafunzi wa dawati la jirani mwenye kijitabu bora zaidi. Katika ghorofa ya mtaa wa Xiaobei hakuna wa kukisahihisha. Hii ndiyo sababu uchaguzi wake wastahili uangalifu kuliko unaopewa kwa kawaida.

Kwa nini masomo ya nyumbani

Waafrika walianza kujikusanya kwa wingi Guangzhou mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakivutwa na viwanda vya mkoa wa Guangdong na Maonesho ya Biashara ya Guangzhou yanayofanyika tangu mwaka 1957. Makazi na maduka yao yalikuwa zaidi katika mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli. Idadi yao imepanda na kushuka. Aprili 2020 maofisa wa jiji walitaja Waafrika 4,553. Wazungumzaji wa Kiswahili, kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na mashariki ya Kongo, ni sehemu tu ya hao.

Mtoto wa mgeni ana njia chache za kusoma. Shule za kimataifa hufundisha kwa Kiingereza, lakini ada zake katika madarasa ya juu hupindukia yuan 200,000 kwa mwaka, kiasi ambacho mfanyabiashara mwenye duka la vyumba viwili hawezi kukimudu. Shule za serikali zaweza kumpokea, ikitegemea wilaya na hati za ukaazi za wazazi, nazo hufundisha kwa Kichina. Shule binafsi za Kichina ziko katikati ya hizo mbili. Wengine huwarudisha watoto kwa nyanya au bibi, wakawalea kwa simu. Waliobaki hufundisha wenyewe, ama masomo yote, ama yale tu ambayo shule ya Kichina haiyagusi: Kiswahili, fasihi na historia ya nyumbani.

Hapa lipo jambo la kisheria linalosahaulika. Sheria ya elimu ya lazima ya China, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2006, huwahusu watoto wenye uraia wa China, nayo huwataka wasome shuleni kwa miaka tisa. Wizara ya elimu ilikumbusha mwaka 2017 kwamba kumfundisha mtoto nyumbani badala ya kumpeleka shule hakuruhusiwi. China haitambui uraia wa nchi mbili. Kwa hiyo mtoto wa baba Mtanzania na mama Mchina, akiwa ameandikishwa kuwa raia wa China, hana budi kwenda shule, na masomo ya nyumbani yatakuwa ya ziada tu. Mtoto mwenye pasipoti ya Kenya au Uganda hali yake ni nyingine.

Wengi walijikuta walimu bila kupanga. Shule zilifungwa mapema mwaka 2020 kwa sababu ya maradhi ya Korona, na Aprili mwaka huo Waafrika wengi jijini walilazimishwa kukaa karantini, baadhi wakafukuzwa katika nyumba na hoteli walizokuwa wakiishi. Mipaka ya China ilifungwa kwa wageni wengi Machi 2020 na masharti ya karantini kwa wanaoingia hayakuondolewa hadi Januari 8, 2023. Katika kipindi hicho masanduku ya abiria hayakuja, na vitabu navyo havikuja. Wazazi waliokuwa na kijitabu kimoja kilichochanika ndicho walichokitumia.

Mwongozo ni kitu gani

Katika Afrika Mashariki mwongozo wa fasihi ni kitabu kinachomfafanulia mwanafunzi kitabu kingine, kile kilichoteuliwa kutahiniwa. Huanza na maisha ya mwandishi, kikafuata muhtasari wa kila sura au onyesho, kisha maudhui, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha, kikamalizia na maswali na majibu. Kenya, miongozo hutolewa na wachapishaji wakubwa pamoja na wadogo, na kila tahiniwa jipya huzaliwa na miongozo kadhaa. Tanzania, ukiacha vitabu vya wachapishaji, ipo pia desturi ya muda mrefu ya walimu kuandaa uchambuzi wao, ukachapwa, ukarudufiwa na kuuzwa madukani au nje ya lango la shule. Baadhi ya uchambuzi huo ni kazi nzuri ya watu waliofundisha kitabu kimoja kwa miaka kumi. Mwingine umenakiliwa kutoka kwa uliotangulia, pamoja na makosa yake.

Ni vema kutofautisha mwongozo na kitabu cha nadharia ya fasihi. Kamusi ya Fasihi ya Kyallo Wadi Wamitila, iliyotoka mwaka 2003, au Misingi ya Uhakiki wa Fasihi ya Mbunda Msokile, ya mwaka 1993, havizungumzii kitabu kimoja cha mtihani, bali hufundisha maana ya istilahi na namna ya kuhakiki. Mzazi mwenye mmoja wa vitabu vya aina hiyo rafuni hatatetereshwa na mwongozo uliokosea. Lau bajeti yaruhusu vitabu vitatu tu, basi viwe kitabu chenyewe cha fasihi, kamusi au kitabu cha nadharia, na mwongozo mmoja. Miongozo minne ya tamthilia moja ni fedha iliyopotea, kwa kuwa mitatu kati yake itasema yale yale.

Mtihani kwanza

Kosa linalowagharimu wengi ni kununua mwongozo kabla ya kuamua mtoto atafanya mtihani gani, wapi na mwaka gani. Vitabu teule hubadilika. Kenya, Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora na Mstahiki Meya ya Timothy Arege vilitahiniwa kwa miaka kadhaa, vikafuatwa na Chozi la Heri ya Assumpta Matei na Kigogo ya Pauline Kea, kisha wakaja Nguu za Jadi ya Clara Momanyi na Bembea ya Maisha ya Arege. Mwongozo wa Kidagaa bado wauzwa na bado ni kitabu cha kufaa kwa anayesoma kwa faida yake, lakini hautamsaidia mtahiniwa ambaye karatasi yake haitakitaja kitabu hicho.

Kenya yenyewe imo katika kipindi cha mpito. Mtihani wa mwisho wa darasa la nane ulifanywa mwaka 2023, na mtihani wa mwisho wa kidato cha nne chini ya mfumo wa 8-4-4 umepangwa mwaka 2027. Wanafunzi wa mtaala wa umilisi waliingia gredi ya 10 Januari 2026, ambako Fasihi ya Kiswahili ni somo la kuchaguliwa. Mtoto aliye na umri wa miaka 12 leo hataifanya kabisa karatasi ambayo miongozo mingi iliyoko sokoni iliandikwa kwa ajili yake. Mzazi wa mtoto huyo asinunue kwa pupa.

Kwa mtahiniwa wa 8-4-4, karatasi ya tatu ya Kiswahili ina alama 80. Mtahiniwa hujibu maswali manne. La kwanza ni la lazima, na yale matatu huchaguliwa katika sehemu zilizobaki kati ya riwaya, tamthilia, hadithi fupi, ushairi na fasihi simulizi. Faida ya kulijua hili ni kwamba mwongozo wa Kenya hupimwa kwa maswali ya dondoo: mtahiniwa hupewa maneno ya mhusika, akatakiwa kueleza ni nani aliyesema, akimwambia nani, wapi na kwa sababu gani. Mwongozo usio na mazoezi ya namna hiyo haukuandikwa na mtu aliyewahi kusahihisha karatasi.

Tanzania orodha imekuwa tulivu zaidi, hata wazazi wengine wakakuta watoto wao wakisoma vitabu walivyovisoma wao. Kidato cha tatu na cha nne wamesoma kwa muda mrefu Takadini, Watoto wa Mama N'tilie na Joka la Mdimu katika riwaya. Orodha, Kilio Chetu na Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe katika tamthilia. Wasakatonge, Malenga Wapya na Mashairi ya Chekacheka katika ushairi. Kidato cha tano na cha sita wamekuwa na Vuta N'kuvute, Kufikirika, Mfadhili, Kivuli Kinaishi, Morani na vinginevyo. Hata hivyo mtaala mpya ulianza kutekelezwa kwa awamu Januari 2024, kwa hiyo orodha ithibitishwe kwa Taasisi ya Elimu Tanzania au kwa shule inayofundisha hivi sasa, si kwa kumbukumbu ya shangazi aliyemaliza mwaka 2009.

Mtoto asiye na shule Tanzania hufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, na asiyekuwa na sifa ya kidato cha pili hupitia kwanza Mtihani wa Maarifa. Usajili hufanyika katika vituo vilivyoidhinishwa, miezi ya mwanzo ya mwaka, ilhali mtihani wa kidato cha nne ni Novemba. Anayeishi Guangzhou apaswa kuhesabu nauli ya safari ndani ya hesabu ya elimu.

Wapo pia wanaomwandaa mtoto kwa mitihani ya Cambridge. Fasihi ya Kiingereza huko ina vitabu teule vyake na diwani zake, na miongozo ya Kiingereza ni mingi mno kuliko mahitaji. Familia za Kongo, kwa upande wao, hutumia miongozo ya Kifaransa, na Kiswahili cha Bukavu au Lubumbashi hubaki lugha ya mezani. Hayo yanataka makala yake.

Dhamira ya wapi?

Guangzhou huwakutanisha Waafrika Mashariki ambao nyumbani wasingekutana, nao huazimana vitabu. Mama wa Mombasa hupewa na jirani yake wa Mwanza mwongozo alioumaliza, naye hushukuru. Mtego umo katika istilahi.

Katika shule za Tanzania uchambuzi hugawanywa katika fani na maudhui. Fani ni muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Maudhui ni mwavuli, na chini yake zimo dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, mtazamo na msimamo wa mwandishi. Dhamira ni nyingi: mapenzi, rushwa, ukombozi wa mwanamke, matabaka. Katika shule za Kenya, dhamira aghalabu ni moja, lengo kuu la mwandishi kuandika, na yale mengi, yaani rushwa, mapenzi, utabaka, ndiyo huitwa maudhui. Kenya husema ploti au msuko pale ambapo mwalimu wa Tanzania atasema muundo. Katika ushairi, Mkenya huhesabu mishororo ambayo Mtanzania mara nyingi huiita mistari, naye hutakiwa kuyajua majina ya bahari kwa mpangilio wa vina: mtiririko, ukara, ukaraguni. Mwongozo wa Tanzania waweza usiyataje kabisa.

Si kwamba upande mmoja umekosea. Ni mila mbili za uhakiki zilizokua mbalimbali, na mtahini hutoa alama kwa mila yake. Mtoto aliyeulizwa dhamira ya tamthilia akaorodhesha sita, mbele ya mtahini wa Nairobi, atapoteza alama ilhali anakijua kitabu vizuri. Kuazimana riwaya hakuna dhara. Kuazimana mwongozo kati ya mifumo miwili kwataka mtu mzima aufuate kwa kalamu ya risasi, akibadilisha maneno pembeni.

Yale ambayo mwongozo hauyasemi

Hapa ndipo ilipo shida kubwa zaidi ya mwanafunzi aliyeko China, na ndipo wazazi hawatazami. Miongozo yote iliyotajwa imeandikwa kwa ajili ya mtoto aliyeko nyumbani. Mwandishi wake hakuona haja ya kueleza yale ambayo mtoto wa Mbagala au Kisumu huyaona akienda shule.

Tuchukue Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, iliyotoka mwaka 2002. Hakuna mwongozo utakaoeleza mama n'tilie ni nani: mwanamke anayepika wali, ugali na maharage kando ya njia, akapewa jina hilo na wateja wanaomwambia awatilie chakula. Mtoto aliyekulia Guangzhou anajua mkahawa ambako chakula huagizwa na kulipiwa kwa kuielekeza simu kwenye alama iliyobandikwa mezani. Ataelewa kwamba ni mpishi. Hataelewa kwamba jina la kitabu peke yake limekwisha kueleza tabaka, jinsia na kipato cha familia nzima. Kadhalika umaskini unaowatoa watoto wa riwaya hiyo shuleni wataka tarehe. Ada za shule za msingi za serikali zilifutwa Tanzania mwaka 2001, na za sekondari hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016. Mtoto asiyeambiwa hivyo atadhani anasoma habari za juma lililopita, au, vibaya zaidi, atadhani ndivyo nchi ya baba yake ilivyo na ndivyo itakavyokuwa daima.

Katika Ngoswe ya Edwin Semzaba, ofisa wa sensa hufika kijijini, mapenzi yakamtia katika uzembe, na karatasi za takwimu zikateketea kwa moto. Mwanafunzi wa leo, popote alipo, huuliza kwa nini hakuwa na nakala. Swali ni zuri. Jibu lake, kwamba karatasi hizo ndizo zilikuwa takwimu zote na nyuma yake hapakuwa na kitu, ndilo linaloupa mchezo uzito wake. Bila hilo, kosa la Ngoswe laonekana dogo na mwisho waonekana umezidishwa.

Chozi la Heri huwasumbua watoto wa ughaibuni kwa namna nyingine. Mateso ya Ridhaa na familia yake yana mwangwi wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007. Mtoto wa Eldoret alisikia mambo hayo kwa wazazi wake kabla ya kukifungua kitabu. Mtoto wa Guangzhou, ambaye huenda wazazi wake walihamia China wakati huohuo wasitake kuyasimulia, hukutana nayo kwa mara ya kwanza ndani ya kitabu cha mtihani. Mwongozo utampa "maudhui ya ukabila" kwa vipengele vitano vyenye nambari. Mazungumzo yanayotakiwa hapo si ya nambari, na hakuna mchapishaji awezaye kuyafanya kwa niaba ya mzazi.

Mfano mwingine ni wa ushairi. Abdilatif Abdalla alihukumiwa kifungo mwaka 1969 kwa sababu ya kijitabu chake Kenya: Twendapi?, akatoka mwaka 1972. Mashairi aliyoyaandika gerezani yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Mshairi akaishi nje ya Kenya kwa miaka mingi: Dar es Salaam, London na Leipzig. Mzazi akitaka kuisomesha diwani hiyo, uchambuzi utakaohesabu mizani na kutaja tashbihi huku ukikipita kifungo kimyakimya utakuwa umemficha mtoto jambo ambalo mashairi yenyewe hayakulificha. Upo woga wa kale katika uandishi wa vitabu vya shule, wa kuyaita mambo ya siasa kwa majina ya jumla: "uongozi mbaya", "ukosefu wa haki". Uongozi wa nani? Haki ya nani? Mwongozo unaothubutu kutaja mwaka na mahali wastahili kupewa nafasi mbele ya wenzake.

Namna ya kuujaribu

Mzazi hahitaji shahada ya fasihi ili kuupima mwongozo. Ahitaji kukisoma kitabu chenyewe, walau sura mbili, kabla ya kuufungua. Kisha autazame mwongozo katika sura hizo mbili tu. Je, majina ya wahusika ni sahihi? Maneno yaliyonukuliwa yamo kweli, na katika ukurasa uliotajwa? Nambari za kurasa zikipishana huenda ni kwa sababu toleo ni jingine, na hilo si kosa, ingawa humchosha mtoto. Maneno yasiyokuwemo kitabuni ni kosa lisilosameheka, maana mtoto atayaandika mbele ya mtahini.

Jaribio la pili ni tabia za wahusika. Mwongozo wa kivivu husema mhusika ni "mwenye bidii, mwenye upendo, mvumilivu", ukanyamaza. Mwongozo wa kazi hutaja tendo linalothibitisha kila sifa, na hukubali kwamba mhusika aweza kuwa na sifa mbili zinazogongana. Majoka wa Kigogo ni dhalimu, lakini mwanafunzi aonyeshwe pia woga wake. Bila woga huo hataeleza kwa nini udhalimu unazidi kadiri tamthilia inavyosonga mbele.

Miongozo mingi ya Tanzania humalizia kwa sehemu ya "kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi". Hii ni sehemu ya kuisoma dukani kabla ya kulipa. Kama kutofaulu kote kumeelezwa kwa sentensi moja, kwamba mwandishi ametumia lugha ngumu, basi aliyeuandika hakuhakiki. Kama sehemu hiyo inathubutu kudai kwamba mwisho wa riwaya umelazimishwa, au kwamba wanawake wake ni vivuli tu, na ikatoa ushahidi, mtoto atajifunza kubishana.

Jambo kubwa kuliko yote ni je, mwongozo unamrudisha msomaji kitabuni, au unampa ruhusa ya kutokwenda? Muhtasari mrefu wenye kila tukio, uliopangwa vizuri na unaosomeka kwa saa moja, ndio unaowavutia wazazi, nao ndio wa hatari. Mtoto wa Guangzhou ambaye Kiswahili chake ni cha mezani na cha simu ya nyanya, na Kichina chake ndicho cha michezo na marafiki, huenda asipate pengine popote sentensi ndefu ya Kiswahili isipokuwa ndani ya riwaya. Akisoma muhtasari badala ya Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, amekikosa Kiswahili cha Unguja kilichomo humo, na hicho ndicho alichokuwa akikihitaji kuliko dhamira saba. Filamu iliyotokana na riwaya hiyo, iliyoongozwa na Amil Shivji na kuonyeshwa Toronto mwaka 2021, yaweza kutazamwa baada ya kusoma. Humwonyesha mtoto Mji Mkongwe, ingawa mtahini huuliza yaliyomo kitabuni.

Ushairi na fasihi simulizi ni eneo ambalo mwongozo waweza hata kuwekwa kando kwa muda. Shairi la arudhi lisikiwe kabla ya kuchambuliwa, na wazazi wengi kutoka pwani wanayo sauti hiyo vichwani bila kujitambua kuwa ni walimu. Vitendawili, ngano na methali hufundishika kwa simu. Mwongozo utaeleza kwamba ngano huanza kwa fomula. Nyanya wa Tanga ataianza tu, "Paukwa", na mtoto atajua la kuitika.

Kupata na kuhifadhi

Nakala za miongozo huzunguka kwa njia ya simu, zikiwa zimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Nyingi ni za wizi. Ukiacha haki ya mwandishi, ambayo si jambo dogo kwa mtu anayeishi kwa kalamu, nakala hizo hukosa kurasa, na mara nyingi ni za matoleo ya zamani. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ya vitabu vyake, nayo Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya ina hifadhi yake. Humo zipo nyenzo halali, ingawa vitabu vya fasihi vya wachapishaji binafsi havimo vyote. Masomo ya video ya walimu wa Afrika Mashariki yako zaidi YouTube, na China imeifunga huduma hiyo tangu mwaka 2009. WhatsApp nayo haifunguki kwa njia ya kawaida. Ndugu walioko nyumbani waelekezwe kutumia WeChat, au wapakue masomo na kuyatuma ndani ya kijiti cha kuhifadhia data.

Kwa kitabu cha karatasi, njia ya uhakika ingali ni abiria. Kitabu na mwongozo wake kwa pamoja havifiki uzito wa kilo moja. Maonesho ya Guangzhou hufanyika mara mbili kwa mwaka, Aprili hadi mwanzoni mwa Mei na Oktoba hadi mwanzoni mwa Novemba, na ndiyo misimu ambayo wafanyabiashara wengi kutoka Dar es Salaam, Nairobi na Kampala huingia jijini. Mtoto atakayefanya mtihani Novemba ya mwakani apaswa kuwa na vitabu vyake katika Maonesho ya Oktoba ya mwaka huu. Vya Aprili vitamkuta amechelewa, kwani usajili utakuwa umekwisha kufungwa, na miezi saba haitoshi kusoma riwaya mara mbili.